Han Xin: Jemadari aliyempa bwana wake China nzima, akalipwa upanga

Wapo watu waliowatumikia wafalme wakawatukuza, kisha wafalme hao hao wakawageuka. Tarehe ya dunia imejaa habari zao. Lakini ni wachache ambao mkasa wao humkaa mtu moyoni kama wa Han Xin, jemadari wa China ya kale aliyeuawa mwaka 196 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kwa muda wa miaka minne hivi aliangusha ufalme mmoja baada ya mwengine, mpaka bwana wake akawa mtawala wa nchi nzima. Miaka sita baadaye alikatwa kichwa ndani ya chumba cha kengele, tena si na adui wa vita, bali na nyumba ile ile aliyoisimamisha kwa jasho lake.

Na aliyemshika mkono akamtia mtegoni ni yule yule aliyemtoa kwenye ghala la nafaka akamfanya jemadari mkuu.

Msomaji wangu, nataka leo tuupitie mkasa huu hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna swali lisilopitwa na wakati. Mtu akikufanyia wema mkubwa kuliko uwezo wako wa kuulipa, utampenda au utamuogopa?

Mdoezi wa Huaiyin

Han Xin alizaliwa Huaiyin, mji ulioko katika jimbo linaloitwa sasa Jiangsu, mashariki ya China. Alikuwa fukara. Hakuwa na sifa ya kupewa kazi ya serikali, wala hakujua biashara. Kwa ufupi alikuwa mdoezi, mtu wa kuzungukia nyumba za watu wakati wa chakula. Watu wengi mjini walimchoka.

Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akila kwa mkuu mmoja wa kitongoji. Mke wa mkuu huyo alipochoka naye alibuni hila: akawa anapika alfajiri na mapema, familia inakula ingali kitandani. Han Xin akifika kwa wakati wake wa kawaida, hakuna sufuria wala sahani. Alifahamu alichofanyiwa, akaondoka kwa hasira, asirudi tena.

Akawa anavua samaki kando ya mto. Hapo palikuwa na akina mama wakiosha nyuzi za hariri, na mmoja wao alipoona njaa ilivyomkondesha kijana huyu, akawa anamgawia chakula chake. Alifanya hivyo kwa siku nyingi mpaka kazi yake pale mtoni ikaisha. Han Xin kwa furaha akamuahidi kwamba siku moja atamlipa vikubwa. Mama yule akakasirika. Akamwambia kwamba amemlisha kwa kumuonea huruma mwana wa watu asiyeweza kujilisha, hakutaraji malipo.

Kisa kingine kilimpata sokoni. Kijana mmoja wa wauza nyama alimcheka kwa kuwa alikuwa na umbo refu na upanga kiunoni, lakini moyoni, kwa maneno yake, ni muoga. Akamtaka amchome upanga kama haogopi kufa, na kama anaogopa basi apite chini ya miguu yake kwa kutambaa. Han Xin alimkodolea macho kitambo kirefu. Kisha akainama, akatambaa, akapita. Soko zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo akajulikana kuwa muoga.

Wachina wanakisimulia kisa hiki mpaka leo wanapotaka kumfundisha mtu subira. Angemuua yule kijana, angenyongwa kwa ajili ya mtu asiye na thamani kwake, na dunia isingemsikia.

Nchi iliyokosa mwenyewe

Wakati huo China ilikuwa motoni. Mfalme wa Qin, aliyeiunganisha nchi yote mwaka 221 KK na kujiita mtawala wa kwanza, alifariki mwaka 210 KK. Mwaka uliofuata watu waliochoshwa na sheria kali na kazi za lazima wakaasi. Katika muda mfupi dola ya Qin ilisambaratika, na wawili wakabaki wakigombania urithi wake.

Wa kwanza alikuwa Xiang Yu, mwana wa ukoo wa majemadari wa nchi ya Chu, shujaa ambaye askari walitetemeka wakisikia sauti yake. Wa pili alikuwa Liu Bang, mtu wa kawaida aliyekuwa ofisa mdogo wa kitongoji, mpenda ulevi na matusi, lakini mwenye kipaji cha kuwajua watu na kuwatumia.

Han Xin alianza upande wa Xiang Yu. Alipewa kazi ya ulinzi tu, na kila alipotoa shauri la vita, hakusikilizwa. Mwaka 206 KK akamtoroka, akamfuata Liu Bang, ambaye wakati huo alikuwa amesukumwa pembeni kwenye milima ya Hanzhong na kupewa cheo cha Mfalme wa Han.

Huko nako mambo hayakwenda. Alipewa kikazi kidogo, kisha akaingia katika kosa pamoja na wenzake, wakahukumiwa kifo. Kumi na watatu walikatwa vichwa mbele ya macho yake. Zamu yake ilipofika, akainua uso, akamuona ofisa mmoja anayeitwa Xiahou Ying, akamuuliza kama kweli mfalme wao anautaka ulimwengu, kwa nini anawaua wanaume wenye nguvu. Xiahou Ying akashangazwa na maneno hayo, akamwachilia. Han Xin akapewa kazi ya kusimamia nafaka.

Hapo ndipo alipokutana na Xiao He, waziri mkuu wa Liu Bang. Walizungumza mara kadhaa, na waziri akaona kwamba huyu si mtu wa kuhesabu magunia. Lakini siku zikapita bila ya mfalme kumjali. Maofisa wengi walikuwa wakitoroka kurudi makwao mashariki, na Han Xin naye akafunga mizigo, akaondoka.

Xiao He aliposikia hakungoja hata kumuarifu mfalme. Alitoka mbio kumfuata. Mfalme akaletewa habari kwamba waziri wake naye ametoroka, akajiona kama aliyekatwa mikono yote miwili. Siku moja au mbili baadaye Xiao He akarudi. Mfalme, kwa hasira iliyochanganyika na furaha, akamuuliza alikwenda wapi. Akajibu kuwa alimfuata Han Xin. Mfalme hakuamini; majemadari kumi kumi wametoroka na hakufuatwa hata mmoja, iweje huyu? Waziri akamueleza kwamba majemadari wale wanapatikana popote, lakini mfano wa Han Xin haupo nchini. Kama mfalme anataka kubaki milimani, hana haja naye. Kama anautaka ulimwengu, hana mwengine.

Mfalme akakubali kumfanya jemadari mkuu, akataka aitwe hapo hapo. Xiao He akakataa. Akamkumbusha mfalme kwamba kawaida yake ni kuwadharau watu, kumwita jemadari mkuu kama anayemwita mtoto. Jambo hili lataka siku njema, kufunga, na jukwaa. Jukwaa likajengwa. Kila jemadari mle kambini akawa na hakika moyoni kwamba anayesubiriwa ni yeye. Jina lilipotajwa, jeshi zima lilipigwa na butwaa.

Mtu aliyejua kuusoma moyo

Mara tu baada ya sherehe, mfalme alimuuliza jemadari wake mpya anashauri nini. Jawabu la Han Xin linaonyesha kwamba alikuwa anaona mbali. Alimchambua Xiang Yu kama mtu anayelifungua dafu. Alisema ushujaa wa Xiang Yu ni wa mtu mmoja tu, maana hawezi kuwaamini majemadari wazuri akawapa kazi. Na huruma yake ni ya mdomoni. Akimuona askari mgonjwa hulia na kumgawia chakula chake, lakini mtu akistahili kupewa cheo, muhuri huzungushwa mkononi mpaka pembe zake zikalika, asiweze kuutoa. Liu Bang afanye kinyume chake: awape watu wanachostahili, nao watamfuata.

Liu Bang alilishika shauri hilo. Alitoa mihuri kwa wepesi. Kilichokuja kudhihirika baadaye ni kwamba mkono unaotoa kwa wepesi unaweza pia kunyang'anya kwa wepesi, na hilo Han Xin hakulitia katika hesabu zake.

Vita vilianza mwezi wa nane wa mwaka ule ule. Han Xin alitokeza milimani kupitia Chencang, na jeshi la Han likaichukua nchi ya Qin ya zamani. Mwaka 205 KK Liu Bang mwenyewe alijaribu kupigana na Xiang Yu mjini Pengcheng akashindwa vibaya sana, licha ya kuwa na watu wengi zaidi. Washirika wake wakamgeuka. Ikabidi Han Xin atumwe kaskazini kuzirudisha nchi hizo moja moja.

Katika nchi ya Wei, adui alikuwa amekaa kivukoni akimngoja. Han Xin akapanga mashua nyingi mbele yake, kana kwamba anavukia hapo. Kumbe wakati huo huo askari wake walikuwa wanavuka mahali pengine mbali, wakielea kwa vyombo vya mbao. Mfalme wa Wei akakamatwa.

Vita vilivyompa jina zaidi ni vile vya njia ya mlimani ya Jingxing, dhidi ya nchi ya Zhao. Inaelezwa kuwa Zhao walijitapa kuwa na askari 200,000, naye alikuwa na makumi machache ya maelfu, wengi wao wageni wa vita. Usiku aliwatuma wapanda farasi 2,000, kila mmoja na bendera nyekundu ya Han, wakajificha mlimani karibu na kambi ya Zhao. Kisha akawapanga watu 10,000 migongo yao ikiwa mtoni. Askari wa Zhao walipoona hivyo walicheka, maana kila mwenye kusoma vita anajua kwamba usimpe mto mgongo. Hutakuwa na pa kukimbilia.

Na hilo ndilo alilolitaka. Kulipokucha alishambulia, akajifanya ameshindwa, akatupa ngoma na bendera, akarudi mtoni. Zhao wakatoka kambini wote kumfukuza. Wale waliosimama mtoni, kwa kuwa hawakuwa na pa kukimbilia, walipigana kufa na kupona. Kambi ilipobaki tupu, wale 2,000 wakaingia, wakang'oa bendera za Zhao na kuzisimamisha zao. Askari wa Zhao walipogeuka na kuona kambi yao imejaa rangi nyekundu, walidhani wakubwa wao wamekwisha kamatwa, wakatawanyika. Kamanda wao akauawa na mfalme wao akatekwa.

Maofisa wa Zhao walikuwa na mtu mmoja mwenye akili, Li Zuoche, aliyewashauri wakate njia ya chakula ya Han Xin, wakamkatalia. Han Xin alitangaza zawadi ya dhahabu kwa atakayemleta akiwa hai. Alipoletwa amefungwa, alimfungua kwa mikono yake, akamkalisha mahali pa mwalimu, akamuomba ushauri. Li Zuoche akamshauri asiwachoshe askari, bali atume mjumbe nchi ya Yan. Yan ikasalimu amri bila ya kupigwa hata mshale mmoja.

Ishara ya kwanza

Sasa angalia kilichotokea mwaka 204 KK. Liu Bang, akiwa ametoroka kutoka katika mji uliozingirwa, alifika asubuhi na mapema kwenye kambi ya Han Xin akijifanya ni mjumbe wa mfalme. Aliingia mpaka chumba cha kulala, Han Xin yumo usingizini, akachukua mihuri ya jeshi, akawaita maofisa, akawapangia kazi upya. Han Xin alipoamka alikuta mfalme yupo na jeshi hana. Akaambiwa akakusanye askari wapya Zhao, aende akaipige nchi ya Qi.

Mtu mwengine angepata funzo hapo kwamba bwana wake hamuamini. Han Xin alitii, akakusanya askari, akaenda.

Alipokuwa njiani akasikia kuwa mjumbe wa Liu Bang, mzee Li Yiji, ameshawashawishi watu wa Qi wakubali amani. Han Xin alitaka kusimama. Lakini mshauri wake Kuai Tong akamchochea: mzee mmoja kwa ulimi tu apate miji zaidi ya 70, na wewe kwa mwaka mzima wa vita umepata 50 na kitu? Wivu ukamuingia. Aliwavamia watu wa Qi ambao walikuwa wameshalegeza ulinzi. Mfalme wa Qi akaona amedanganywa, akamtia Li Yiji katika sufuria akamchemsha akiwa hai. Damu ya mzee huyo iko shingoni mwa Han Xin, na hatumtendei haki msomaji tukilificha hilo.

Xiang Yu alituma jeshi kubwa kuiokoa Qi chini ya jemadari Long Ju. Han Xin aliuziba mto Wei usiku kwa mifuko zaidi ya 10,000 ya mchanga, akavuka na nusu ya jeshi, akajifanya anakimbia. Long Ju alipoingia mtoni kumfuata, mifuko ikafunguliwa, maji yakaja, jeshi likakatika vipande viwili. Long Ju aliuawa.

Kosa lililoandikwa kwa wino

Baada ya ushindi huo, mwaka 203 KK, Han Xin alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililomuua, ingawa upanga ulikawia miaka saba. Alimuandikia Liu Bang barua akiomba afanywe mfalme wa muda wa Qi, kwa hoja kwamba watu wa huko ni wageugeu na wanahitaji mtu wa kuwashika.

Barua ilimfikia Liu Bang akiwa amezingirwa na Xiang Yu, amekaa anasubiri msaada. Alianza kutukana mbele ya mjumbe: mimi nimebanwa hapa, yeye anataka ufalme! Washauri wake wawili, Zhang Liang na Chen Ping, wakamkanyaga mguu na kumnong'oneza sikioni kwamba hana uwezo wa kumzuia. Liu Bang akaufahamu mkanyago ule. Papo hapo akaendelea kutukana, ila sasa akageuza maneno: mwanamume anayeshinda nchi awe mfalme kamili, kwa nini awe wa muda? Akampelekea muhuri.

Han Xin alipata alichokitaka. Lakini alikiomba kwa bwana wake wakati wa shida, na mwenye kuombwa akiwa na kisu shingoni hatoi zawadi, anatoa fidia. Na fidia husubiriwa kurudishwa.

Wakati huo Han Xin alikuwa amesimama mahali ambapo wanadamu wachache wamewahi kusimama. Akielemea kwa Liu Bang, Liu Bang anashinda. Akielemea kwa Xiang Yu, Xiang Yu anashinda. Xiang Yu alimtumia mjumbe, akakataa. Kisha Kuai Tong akajifanya anamtabiria kwa kumtazama uso, akamshauri kwa kirefu: usimuunge mkono yeyote, nchi igawanywe mara tatu, wewe uwe na theluthi yako. Akamuonya kwamba mtumishi ambaye ujasiri wake unamtikisa bwana wake yumo hatarini, na ambaye kazi yake imepita ya wote hana tena cha kulipwa.

Han Xin akajibu kwamba Liu Bang amemvika nguo zake, amemlisha chakula chake, amempakia katika gari lake. Vipi amgeuke kwa ajili ya tamaa? Aliamini pia kwamba kwa kazi kubwa aliyofanya, Qi haitachukuliwa kwake. Kuai Tong alipoona shauri lake halisikilizwi, akajifanya mwendawazimu, akatokomea.

Tuliweke hilo akilini, maana tutalirudia.

Kutoka ufalme mpaka kitanzini

Mwaka 202 KK, Han Xin aliongoza jeshi lililomzingira Xiang Yu huko Gaixia. Xiang Yu alivunja mzingiro usiku na wapanda farasi wachache, akakimbia mpaka mto Wu, akajiua. Vita vikaisha.

Kabla vumbi halijatulia, Liu Bang alikimbilia kambi ya Han Xin na kumnyang'anya jeshi kwa mara ya pili. Kisha akamhamisha kutoka Qi na kumfanya Mfalme wa Chu, nchi ya kwao. Liu Bang mwenyewe akatawazwa kuwa mtawala wa nchi nzima.

Han Xin alirudi nyumbani. Alimtafuta yule mama wa mtoni, akampa dhahabu elfu. Mkuu wa kitongoji aliyekuwa akimlisha akapewa sarafu 100 tu, kwa kuwa alianza wema na hakuumaliza. Na yule kijana wa sokoni akaitwa. Watu walidhani atachinjwa. Han Xin akampa cheo katika ulinzi wa mji, akawaeleza maofisa wake kwamba siku ile angeweza kumuua, lakini kumuua kusingempa jina, ndiyo akavumilia akafika hapa alipo.

Raha hiyo haikudumu mwaka. Alikuwa amemhifadhi nyumbani kwake Zhongli Mo, rafiki yake wa zamani aliyekuwa jemadari wa Xiang Yu na ambaye Liu Bang alimchukia. Tena alikuwa akizunguka nchini na askari waliojipanga. Mtu akapeleka mashtaka kwamba anaasi. Majemadari wa Liu Bang wakataka vita mara moja. Chen Ping akawauliza kama askari wao ni bora kuliko wa Chu, na kama yupo miongoni mwao anayemuweza Han Xin. Wakanyamaza. Basi akashauri hila: mtawala atangaze anatembelea kinamasi cha Yunmeng, awaite wafalme wote wamlaki, Han Xin akija akamatwe.

Han Xin akaingiwa na wasiwasi. Mtu akamshauri apeleke kichwa cha Zhongli Mo kama zawadi ya kujitakasa. Alipomueleza rafiki yake, Zhongli Mo akamwambia kwamba Liu Bang anachelea kuishambulia Chu kwa sababu wao wawili wako pamoja. Akifa yeye leo, Han Xin atamfuata. Akamlaani, akajikata shingo. Han Xin akapeleka kichwa, na akafungwa kamba hapo hapo. Ndipo akakumbuka methali ya kwao kuhusu mbwa wa kuwindia, kwamba sungura wakishaisha porini, mbwa huingizwa jikoni.

Hakuuawa mara hiyo. Alivuliwa ufalme, akashushwa cheo kuwa mtukufu wa Huaiyin, akawekwa katika mji mkuu macho yote yakimtazama. Hapo alikosa jambo moja alilokuwa nalo sokoni kwao: subira. Alijifanya mgonjwa asihudhurie barazani. Aliona aibu kuwekwa safu moja na majemadari aliowahi kuwaamrisha. Siku moja alipita nyumbani kwa Fan Kuai, jemadari mwenye jina, ambaye alimpokea kwa kupiga magoti. Alipotoka alicheka kwamba maisha yamemfikisha kuwa safu moja na huyu. Wahenga wetu wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Siku nyingine Liu Bang alimuuliza yeye angeweza kuongoza askari wangapi. Han Xin akasema 100,000, si zaidi. Na wewe je? Mimi kadiri wanavyozidi ndivyo ninavyoongoza vizuri. Liu Bang akacheka: kwa nini basi nilikukamata? Akajibu kuwa mtawala hana kipaji cha kuongoza askari, bali cha kuwaongoza majemadari. Jawabu lilikuwa la busara, lakini lilikuwa limechelewa.

Chumba cha kengele

Mwaka 197 KK ofisa aitwaye Chen Xi aliasi kaskazini. Liu Bang alitoka mwenyewe kumpiga, akamuacha mkewe, Malkia Lü, na mwanawe mrithi katika mji mkuu. Kwa mujibu wa habari zilizoandikwa, Han Xin alikuwa amekula njama na Chen Xi zamani, na sasa akapanga kughushi amri, kuwafungua wafungwa wa kazi za serikali, na kuwavamia malkia na mrithi. Mtumishi mmoja wa nyumba yake alimkosea, akafungwa, na ndugu yake akaenda kumchongea kwa malkia.

Malkia Lü aliogopa kumwita, asije akakataa. Akamwita Xiao He. Wakapanga pamoja: itangazwe kwamba mjumbe amefika kutoka vitani, Chen Xi amekufa, na wakubwa wote waje kupongeza. Xiao He akaenda mwenyewe kumshawishi Han Xin, kwamba hata kama anaumwa, ajitahidi aje. Han Xin akaenda. Angemshuku nani mwengine, lakini si mtu aliyetoka mbio kumfuata asipotee.

Alipoingia katika kasri la Changle alifungwa kamba, akakatwa kichwa katika chumba cha kengele. Akafa akijuta kwamba hakumsikiliza Kuai Tong. Ukoo wake wote ukauawa, wa kuumeni na wa kukeni.

Liu Bang aliporudi na kusikia, inaelezwa kwamba alifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja. Sijui kama kuna maneno yanayomueleza mfalme kuliko hayo. Kuai Tong akasakwa, akaletwa achemshwe. Akajitetea kwamba mbwa humbwekea asiye bwana wake, na siku zile yeye alimjua Han Xin peke yake. Akasamehewa.

Je, alikuwa mhaini?

Habari hizi tumezipata kwa Sima Qian, mwanahistoria aliyeandika karibu miaka 100 baadaye, chini ya ukoo ule ule wa Liu. Aliandika kwamba Han Xin aliasi, na kwamba lau angejifunza unyenyekevu asijisifu kwa kazi yake, angeheshimiwa vizazi na vizazi. Lakini Sima Qian huyo huyo ndiye aliyeyaandika kwa urefu maneno ya Kuai Tong, na jinsi Han Xin alivyoyakataa. Na yeye mwenyewe alikuwa ameonja ghadhabu ya mfalme: alihasiwa kwa kumtetea jemadari mmoja aliyetekwa vitani.

Mimi naona jambo moja ni gumu kulimeza. Mtu aliyekataa kuasi akiwa na jeshi na theluthi ya nchi mkononi, aje kuasi akiwa hana askari hata mmoja, kwa kutegemea wafungwa? Inawezekana, maana mtu aliyedhalilishwa hufanya mengi. Lakini ushahidi ulitoka kwa ndugu wa mtumishi aliyekuwa na kisasi, na hukumu ilitolewa na mama aliyekuwa akihofia kiti cha mwanawe. Hakukuwa na baraza, wala hakuulizwa. Kesi ya namna hiyo hatuwezi kuiita haki, hata kama mshtakiwa alikuwa na hatia.

Tena tutazame wenzake. Mwaka ule ule jemadari Peng Yue, aliyesaidia kumshinda Xiang Yu, aliuawa pia kwa mkono wa Malkia Lü. Ying Bu, wa tatu wao, alipoona zamu yake inakuja, akaasi. Liu Bang alimshinda, lakini alipigwa mshale katika vita hivyo, na mwaka 195 KK akafa. Waliokuwa nguzo za nyumba waling'olewa mmoja mmoja, na nguzo ya mwisho ikamwangukia mwenye nyumba.

Xiao He je? Baada ya kifo cha Han Xin aliongezewa cheo, ardhi na walinzi 500. Watu wakaja kumpongeza. Mtu mmoja tu, mkulima wa matikiti aliyewahi kuwa mkubwa enzi za Qin, akaja kumpa pole, akamwambia kwamba walinzi wale hawakuwekwa kumlinda, wamewekwa kumchunga. Xiao He akafahamu. Akakataa zawadi, akaitoa mali yake kugharimia jeshi. Hata hivyo kabla Liu Bang hajafa alimtia pingu kwa muda. Aliyemuuza mwenzake ili apate amani hakuipata.

Wachina wana msemo kwamba Han Xin aliinuka kwa Xiao He na akaanguka kwa Xiao He. Huutumia wanapomuona mtu anayejenga na kubomoa kwa mkono ule ule. Mimi naongeza kwamba Xiao He hakuwa na chuki na Han Xin. Aliogopa tu, na katika nyumba ya mtawala anayeogopa, kila aliye karibu naye huogopa vile vile, na hofu hiyo ndiyo humfanya mtu mwema ampeleke rafiki yake kuchinjwa.

Tulianza kwa kuuliza kama mwenye kufadhiliwa sana hupenda au huogopa. Liu Bang ametujibu: alifanya yote mawili. Basi mwenye kumsaidia mkubwa apande, na afanye kazi yake kwa moyo, lakini asidhani kwamba kazi hiyo ni deni litakalolipwa. Na aliyepandishwa akumbuke kwamba mama fukara wa mtoni, ambaye hakutaka malipo, ndiye pekee katika mkasa huu wote aliyefanya wema akalala usingizi.

Sima Qian alikwenda mpaka Huaiyin. Wenyeji walimuonyesha kaburi la mama yake Han Xin. Walimueleza kwamba alipofiwa hakuwa hata na gharama za mazishi, lakini alitafuta mahali pa juu, palipo wazi, ambapo nyumba 10,000 zingeweza kujengwa kulizunguka. Mwanahistoria akalitazama kaburi hilo akakuta ni kweli. Nafasi ilikuwepo, lakini ukoo ulikuwa umekwisha.